Mwanaume Asiyekula Ngano

"Samahani dada, huu mkate ni wewe uliyeupika?"

Nilikuwa nimeinamia vitumbua vyangu, kwa hiyo nilichokiona kwanza ni mkono. Ulikuwa umeshika kipande cha mkate wa kumimina kilichofungwa kwenye gazeti. Nikakijua mara moja. Wapishi wengine hapa Mikumi wanatia ngano kidogo ili mkate ushikane. Wangu ni mchele mtupu, ukikaa siku mbili unapasuka juu.

"Ni wangu," nikasema. "Una tatizo?"

"Hauna tatizo. Nimetoka Kilosa na basi la alfajiri kuutafuta. Nimeuliza kila kibanda tangu stendi."

Ndipo nikainua kichwa. Mwanamke wa rika langu, thelathini na kitu, kitenge chote vumbi, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. Nikamsogezea kigoda.

"Kaa dada. Yaani kipande cha mkate ndicho kilichokupandisha basi?"

"Si mkate, ni mume wangu." Akakaa. "Tumbo linamsumbua, mwaka wa nne huu. Akila anavimba, anaharisha, anaishiwa damu. Tumetibu minyoo, tumetibu taifodi, tumefika hadi kwa mganga. Akikaa nyumbani wiki moja tu, suruali zinamdondoka. Lakini akirudi safari, mashavu yamejaa! Barabarani mzima, nyumbani mgonjwa. Wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri ana mwanamke," nikasema, nikacheka. Mdomo wangu huo, siku zote unanitangulia.

Yeye hakucheka.

"Hata mimi nilifikiri hivyo. Nikapekua lori lake, nikakuta huu mkate. Nikamwuliza, akasema ananunua Mikumi kwa mama mmoja pale stendi. Nikajiambia, basi dawa iko kwenye chakula cha huyo mama, acha nikamwombe anifundishe. Mimi naitwa Ida."

"Mimi Odilia. Mumeo ni dereva?"

"Dereva wa lori. Lile la kijani, linapeleka saruji Mbeya. Anaitwa Oswald."

Kitumbua kikaanza kuungua. Nikakiacha kiungue.

Wasomaji wangu, naomba niseme mapema kabla hamjanitukana. Huyo Oswald alikuwa mchumba wangu, mwaka wa tatu. Mwaka 2001 alishuka kwenye lori lake amejikunja, akaniomba maji ya moto. Mimi ndiye niliyemchunguza. Nikaona akila chapati anakimbilia choo, akila vitumbua vyangu anapiga mluzi. Nesi mmoja aliyekuwa abiria akatuambia kuna watu miili yao haipokei ngano, hata chembe, na dawa yake ni kuiacha tu.

Kuiacha ngano siku hizi si mchezo. Tangu maduka yajae, kila ukigeuka ni mkate, biskuti, tambi, maandazi. Samaki anapakwa ngano, kababu ina ngano, hata uji wa lishe una ngano ndani. Mimi nikawa jiko la Oswald. Mchele wake niliutwanga mwenyewe kwenye kinu, maana mashine inasaga kila kitu. Mafuta yake niliyatenga. Nilimfungia chakula cha njiani, mkate wa kumimina, mihogo ya kuchoma, viazi, kashata, cha kumfikisha Mbeya na kumrudisha.

Aliniambia kwao ni Munisagara, hana mke, ana mama mgonjwa. Aliniambia Agosti, watu wakishavuna, wazee wake watapeleka barua ya posa kwa baba yangu kijijini Kisanga. Baba alishatenga beberu. Na mimi nilishamwambia kila mtu mwenye masikio. Kumbe mimi ni mama mmoja pale stendi.

"Dada, kinaungua hicho," Ida akasema.

Nikakiopoa.

"Mmefunga ndoa?"

"Kanisani, Kilosa, mwaka tisini na sita. Tuna watoto wawili. Mkubwa anaitwa Timotheo."

Ningeweza kumwambia pale pale. Ningeweza kumfukuza pia, nikamwambia amekosea kibanda. Lakini nilipomwangalia, yule mama alikuwa amekishika kile kipande cha mkate kwa mikono miwili. Nikashindwa. Nikamwambia kitu kimoja tu cha kweli.

"Kinachomwumiza mumeo ni ngano. Nyumbani anakula nini?"

Akakishusha kile kipande mapajani.

"Mkate," akasema. "Mimi naoka mikate, nina tanuri. Asubuhi mkate, jioni mkate. Akizidiwa namkorogea uji wa lishe."

Kisha akaweka mikono kichwani.

"Yesu wangu! Kumbe mimi ndiye ninayemwua!"

"Hukujua, dada."

"Yeye anajua?"

Hapo nikageukia kinu changu. Nilijua kwamba anajua. Kwa nini basi alikuwa anakula? Swali hilo lilianza kunikereketa na mimi.

"Tuanze," nikasema. "Mchele nimeshauloweka tangu jana."

Tukatwanga, tukachekecha. Nikamwonyesha jinsi tui linavyowekwa, hamira kidogo, iliki, kisha unauacha uumuke wenyewe bila kuuharakisha. Nikamwambia sufuria ya ngano isiguse chakula chake. Mafuta yaliyokaanga maandazi asiyatumie. Ulezi, mtama, muhogo, mahindi, vyote ruksa. Alikuwa anajifunza haraka, ana mkono mzuri. Kila nilichosema alikirudia kwa sauti ndogo, na kila baada ya muda anasema, "Mungu akubariki dada yangu." Nilikuwa natamani aache kunibariki.

Mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa mchele simu ilipoita. Ilikuwa juu ya kigoda, karibu yake. Akainama ili anipe, akaiona. Kwenye kioo iliandika OSWALD WANGU, na chini yake namba.

Namba ile aliijua kwa kichwa. Kila wiki alikuwa anaipiga kwenye kibanda cha simu Kilosa.

Simu ikaita mpaka ikakata.

"Una Oswald wako?" akauliza taratibu.

"Ida, sikujua. Naapa mbele ya Mungu, nimejua leo, ulipomtaja hapa. Mimi aliniambia hana mke."

"Umejua tangu nimtaje, ukakaa kimya unanifundisha kuchekecha mchele?"

"Ningesema nini?"

Simu ikalia kidogo, ujumbe umeingia. Akaufungua mwenyewe, akausoma kwa sauti, sauti kavu kabisa:

"Mpenz mbona hupokei. Nipo Makambako. Kesho saa 4 napita hapo. Niwekee vitumbua vyangu na mihogo. Nakupenda kuliko uhai."

Nikangoja anirushie sufuria. Kusema kweli ningeipokea. Lakini Ida alifunga kitenge chake upya, akakaa chini, akavuta bakuli.

"Nifundishe," akasema.

"Ida..."

"Nifundishe kwanza! Wanangu wanataka baba mzima. Kugombana tutagombana nikishajua kupika."

Tukaendelea. Yeye analia, mimi nalia, na wote tunakoroga. Wateja waliokuja walituangalia wakaenda kibanda kingine.

Simu ikaita tena.

"Pokea," Ida akasema. "Usimwambie nipo. Mwulize lile swali langu, kama anajua."

Nikafuta mikono, nikaishika simu katikati ya vichwa vyetu viwili.

"Haloo, mpenzi! Mbona kimya?"

"Oswald, nikuulize kitu. Ukiwa nyumbani unakula nini?"

"Swali gani hilo? Nakula ugali wa mama, si unajua."

"Na mkate wa Ida je?"

Nilisikia magari yanapita upande wake.

"Nani amekwambia?"

"Aliyeniambia utamjua. Nijibu. Miaka mitatu unajua ngano ni sumu kwako, nilikwambia mimi mwenyewe. Mkeo anaoka, wewe unakula. Kwa nini hukumwambia?"

"Odilia, nilitaka kukueleza. Mambo ya nyumbani ni marefu..."

"Nijibu swali, Oswald!"

Akavuta pumzi.

"Lile tanuri alilijenga kwa mikono yake," akasema. "Shamba la mkonge lilipobinafsishwa sisi tukaachishwa kazi. Nilikaa miezi kumi na nne sina kitu. Mikate ya Ida ndiyo iliyotulisha. Ndiyo iliyonilipia hata leseni ya udereva. Kila nikirudi ananipa mkate wa kwanza kutoka kwenye tanuri, anasimama mlangoni ananiangalia nikila. Anafurahi, Odilia. Sasa nimwambie nini? Kwamba mkate wake unaniua? Siwezi kumvunja moyo yule mwanamke. Bora tumbo liume."

Ida aliziba mdomo kwa kitenge. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Na mimi? Mimi nilisikia kitu kinakatika humu ndani. Kwamba amenidanganya ana mama mgonjwa, hilo lilikuwa limeshauma. Hili liliuma zaidi. Miaka mitatu nilijisifu kwamba anayempenda mtu ndiye anayejua chakula chake. Kumbe kuna mtu alikuwa anakula kinachomtoa roho, kwa kumpenda mwingine, wala si mimi.

"Na mimi, Oswald?"

"Wewe ndiye unayenifanya niwe mzima."

"Sikukuuliza hilo. Nimeuliza, na mimi?"

Akanyamaza. Nikangoja. Akaendelea kunyamaza.

Ida akaichukua simu mkononi mwangu.

"Baba Timo."

"Ida? Ida, uko wapi?"

"Nipo pale unapokula vitumbua. Ukimaliza safari uje nyumbani, tuna maneno marefu. Na hutakuta mkate."

Akaikata, akanirudishia. Tukakaa. Mkate tulioumimina pamoja ulikuwa umeiva, nikauepua, tukauangalia unavyotoa moshi, hakuna aliyeutaka.

"Nilikuja nikijua yupo mwanamke," Ida akasema. "Mimi si mtoto. Mwanaume hanenepi hivi hivi. Nilisema nikimpata nitamfanyia kitu atakachonikumbukia. Halafu nikakukuta unaweka mafuta yake pembeni."

"Nichukie tu, Ida. Nitaelewa."

"Nitakuchukia nikifika Kilosa. Leo sina nguvu." Akasimama. "Baba yako anajua?"

"Baba anamngoja Agosti, na barua."

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza alinishika bega.

"Pole mwenzangu," akasema. Kisha akapanda basi la jioni na nusu ya mkate kwenye kitenge chake.

Siku ya pili niliamka na akili yangu timamu, na shetani wangu timamu pia. Nilikwenda kibanda cha jirani yangu Magreti nikanunua chapati moja, ya moto, kubwa. Nikaiweka kwenye sahani. Siku hiyo sikupika kitumbua hata kimoja.

Saa nne na robo lori la kijani likasimama. Akashuka. Alikuwa amependeza, Mungu anisamehe, shati jeupe, mashavu niliyoyajaza mimi.

"Odilia, nisikilize mpenzi wangu. Ida ni mke wa ndoa, sikatai. Lakini wewe ndiye moyo wangu. Agosti iko pale pale, nitatafuta njia..."

"Kaa ule kwanza."

Akakaa haraka, amefurahi, akidhani yameisha. Nikaweka sahani mbele yake. Akaiangalia. Akaniangalia.

"Hii ni chapati."

"Ni chapati."

"Odilia, unajua siwezi."

"Kwa Ida uliweza miaka mitatu. Mkate wa kwanza kutoka kwenye tanuri, anasimama mlangoni, anafurahi. Mimi hapa nimesimama. Kula na mimi nifurahi."

"Utaniua."

"Kipande kimoja, Oswald. Sitaki sahani nzima. Kipande kimoja kwa ajili yangu, halafu nitakusamehe yote. Mama mgonjwa, wazee wa Munisagara, yote."

Nusu yangu ilikuwa inaomba asile, maana nilijua atakavyojikunja, na ningekuwa wa kwanza kumchemshia maji. Nusu nyingine ilikuwa inaomba ale. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka mwanaume yule ameze kile kipande.

Akanyoosha mkono. Akakata kipande kidogo, kama cha kumpa mtoto. Akakifikisha karibu na mdomo.

Akakirudisha kwenye sahani.

"Nina safari ndefu leo," akasema, macho chini. "Dar es Salaam mbali."

"Ndiyo. Ni mbali."

"Hakuna hata muhogo?"

Wasomaji wangu, aliuliza hivyo. Hakuna hata muhogo.

"Chakula chako kiko Kilosa," nikamwambia. "Mkeo amejifunza jana, ana mkono mzuri kuliko mimi. Nenda."

Alisimama pale kidogo, anapangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. Alitaka kunigusa, nikarudi nyuma. Akapanda lori lake, akawasha, akaondoka bila kupiga honi. Nikalifuata kwa macho mpaka lilipoingia upande wa mbugani.

Nilimpigia baba kule Kisanga. Akapokea kwa furaha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu! Beberu kanenepa huyu, waambie wageni wasichelewe."

"Baba, hakuna wageni."

Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akasema, "Kula kwanza mama, ukishakula utanipigia tena unieleze."

Nikakaa kwenye kigoda, nikavuta ile sahani. Chapati ilikuwa imeshapoa. Nikaanza na kile kipande alichokikata yeye, nikaila yote, nikilia mbele ya wasafiri, mpaka ikaisha.