Usipanguse Buji

Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, pikipiki ya Gédéon ilizima katikati ya njia ya Salamabila, mvua ikinyesha. Katika tope la njia hiyohiyo mke wake alikufa zamani na uchungu wa kuzaa, maana wakubwa wanakula kodi ya barabara na barabara haitengenezwi. Sasa binti yake Victoire alikuwa amekaribia kujifungua. Piki ikigoma tena, nani atamfikisha hospitali?

Wenzake walimwambia pistoni imekwisha, auze vyuma. Gédéon alifungua buji, kile chuma kidogo kinachotoa cheche ndani ya mota. Iko nyeusi. Akaona haya kumpelekea fundi mwanamke kitu kichafu, akaisugua kwa mchanga hata ikang'aa. Kisha akaisukuma piki mpaka Kasongo, kwa fundi huyo, Mama Safia.

Mama Safia aliigeuza buji mkononi, akacheka.

"Baba Victoire, daktari anataka kuona ulimi wa mgonjwa, na wewe umeuosha kwanza?"

Akairudisha buji, akawasha mota. Ikakohoa, ikazima. Akangoja ipoe, akaifungua tena. Safari hii hakuna aliyepangusa.

"Angalia. Masizi makavu, kama chini ya sufuria. Mota inakunywa mafuta ya esanse mingi, inakosa hewa. Ingelowa mafuta meusi, ningesema pistoni imechoka kweli. Ingekuwa nyeupe kama majivu, mota inaungua. Buji ya mota nzima iko na rangi ya ganda la karanga."

"Hewa nani ameiziba?"

Gédéon aliuliza. Mama Safia alifungua filtri, kichujio cha hewa, akavuta kipande cha kitambaa cha kikwembe. Gédéon alikifunga mwenyewe kuzuia tope, vile wanavyofanya waendeshaji wote wa Salamabila. Tope lilikikaukia kikawa kigumu kama tofali. Kilipotoka, na filtri kusafishwa, mota iliimba. Gédéon alimtazama yule mama, akawaza: Kumbe kuna mutu anayeangalia kazi yake hivi!

Tangu hapo kila Ijumaa anafungua buji, anaisoma bila kuipangusa. Uchungu ulipomshika Victoire, piki haikuzima hata mara moja. Akazaa mutoto wa kike hospitalini, huko Kasongo. Wakamwita Safia.

Siku ya kurudi nyumbani, walisimamishwa kwenye kizuizi walipe kodi ya barabara. Gédéon alilipa, kisha akamuuliza mtoza kodi:

"Mota ikiugua, Mama Safia anafungua buji. Barabara ikiugua, tufungue nini tuone kodi inakwama wapi?"

Mtoza kodi alitazama tope, akainua mti wa kizuizi.