Dakika Nne za Mwisho

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai na mahamri, Ummu alivaa visikizio na kuketi kwenye meza ya mama yake mdogo, Profesa Time, katika fleti yao ya Hyattsville, Marekani. Profesa alikuwa mzaliwa wa Lamu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha chuo kikuu fasihi ya nchi zilizowahi kutawaliwa na wakoloni, hasa maandishi ya wanawake Waislamu. Kazi ya Ummu, msichana wa miaka kumi na miwili, ilikuwa kusikiliza tenzi kutoka kanda za zamani na kuziandika kwenye kompyuta. Kiswahili alikielewa vizuri. Kukizungumza ndiko kulikomtoa jasho.

Jumamosi moja ya Machi alipewa utenzi wa mama anayemuusia binti yake aliyeolewa mbali. Kanda yake ilitoka kwenye sanduku la nyumba moja ya Lamu, haina hata alama juu yake. Ummu aliandika beti hamsini na tatu. Kisha sauti ikanyamaza, ikabaki mikwaruzo mitupu. Dakika nne zilikuwa zimesalia, na Faisal wa ghorofa ya chini alikuwa akimngoja wakacheze mpira wa kikapu. Ummu akajiambia kwamba huko mwisho mna dua tu na majina ya watu waliokwisha kufa.

"Umesikiliza mpaka mwisho?" Profesa aliuliza.

"Yeah, nimefinish, Mama Mdogo. Mpaka mwisho."

Profesa alimwamini, naye Ummu akashuka ngazi mbiombio.

Mwezi wa Septemba kurasa za kitabu zilirudi kutoka kwa mchapishaji. "Jumatatu nazirudisha," Profesa alisema akizitandaza mezani. "Baada ya hapo, lililochapwa limechapwa."

Ummu alianza kwa kutafuta jina lake, kama ambavyo yeyote angefanya. Alilikuta kwenye shukrani: "Ummu, aliyesikiliza kila neno." Akafurahi kupita kiasi. Kisha akaufungua ule utenzi wa mama na binti. Chini ya kichwa paliandikwa: "Mtunzi hajulikani."

"Huyu amenishinda," Profesa alisema kwa huzuni. "Nimeulizia Lamu nzima. Nilipokuwa mwanafunzi, tenzi nyingi za wanawake nilizisoma hivyo hivyo, mtunzi hajulikani, au utunzi amepewa mumewe. Ndiyo sababu nikaishika kazi hii. Na leo neno hilo nimeliandika mimi."

Furaha ya Ummu ilimtoka alipozikumbuka zile dakika nne. Usiku alikula matonge mawili tu ya wali. Aliona aibu, na zaidi aliogopa kuondolewa kwenye meza ile. Lakini Jumatatu haikuwa mbali, na Jumapili asubuhi alishindwa kuvumilia.

"Mama Mdogo, nilikudanganya. Sikuilisten yote. Niliacha dakika nne."

Profesa alivua miwani. Hakugomba. Aliitafuta rekodi, akaifungua kwa sauti kubwa. Ilikwaruza, ikakwaruza, kisha mtu akakohoa na ile sauti ikarudi:

*Aliyetunga habari*
*ni Rukia wa Nassori,*
*mshona nguo hodari,*
*jina langu nalitaya.*

Machozi yalimlenga Profesa aliposikia lile "nalitaya", yaani nalitaja kwa lahaja ya Lamu. Waliisikiliza tena mara tatu. Kisha akampa Ummu kalamu nyekundu. Ummu akalifuta "hajulikani" na kuandika: Rukia binti Nassor.

"Na hii nayo niifute?" aliuliza, akionyesha ile sentensi ya shukrani yenye jina lake.

"Iache. Lakini uistahiki. Umeniandikia kanda sita. Zote utazisikiliza leo, mpaka zizime zenyewe."

Ummu alizisikiliza. Faisal alibisha mara mbili akarudi zake. Jua lilikuwa linazama alipovua visikizio, masikio yakimuuma, na safari hii aliposema amemaliza alikuwa amemaliza kweli.

Profesa alimsogezea kikombe cha chai. "Miaka yote hii nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba wanawake hawa walinyamazishwa na wakoloni na waume zao," alisema. "Sikuwahi kuwaambia kwamba mtu anaweza kufutwa hata na mtoto mwema mwenye haraka, akisema amemaliza kazi ambayo hajaimaliza. Rukia alilitaja jina lake, mwanangu. Alikuwa akitungoja tu sisi tusikilize."