Maji Yaliyoficha Vumbi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipigana na vumbi. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa sababu tangu siku alipojua kusema, kunyamaza kulimshinda. Alikung'uta mashuka, akapangusa cherehani ya mama, kisha akalowesha kitambaa na kukitundika dirishani mwa chumba alicholala mdogo wake. Akirudi mchana, vumbi lote alilolifuta lilikuwa limerudi na kukaa pale pale, kama mwenye nyumba.

Vumbi hilo lililetwa na malori. Nyuma ya kilima kulikuwa na machimbo ya kokoto, na zamani malori yalipita barabara kuu ya lami. Daraja la barabara hiyo lilipofungwa ili litengenezwe, madereva waliomba kukatiza mtaani kwa muda. Daraja likatengenezwa, likafunguliwa, likapakwa hata rangi. Lakini madereva walikwisha kuonja utamu wa njia ya mkato, nani angewarudisha? Sasa ofisi ya mipango miji ilitaka kuamua kama njia ile ya udongo, inayopita mlangoni kwa watu, iwe njia ya malori daima.

Mama yake Chiriku alikuwa mshonaji wa mashati meupe ya shule. Siku hizo shati lilianza likiwa jeupe, na kabla halijatiwa vifungo lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Wateja waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakisema watarudi.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika lilikuwa kifua cha mdogo wake. Mtoto mwenyewe alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, lakini alitembea mikono nyuma na kutoa nasaha kwa wakubwa, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Babu. Malori yakipita, Babu alipumua kwa mluzi, mabega yakipanda na kushuka, macho yamemtoka.

"Dawa nitakupa," mganga wa zahanati alimwambia mama, "lakini dawa yake hasa ni hewa safi. Mtoto huyu akiendelea kukaa kwenye vumbi lile, sikuahidi kitu."

Mama alirudi nyumbani amenyong'onyea. "Malori yakibaki, nitampeleka akaishi kwa shangazi yenu," alisema.

Kwa shangazi kulikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Babu alikunja mikono kifuani. "Mimi siendi. Nani atawaangalia nyinyi?"

Chiriku alicheka, kisha akatoka nje akalia.

Mtaa haukukaa kimya. Majirani walikuwa na umoja wao, ukiongozwa na Bibi Mkunga, mama mtu mzima aliyewapokea duniani nusu ya watoto wa pale, na ambaye bado aliwakemea kana kwamba wamezaliwa jana. Aliandika barua, akazipeleka mwenyewe, akaambiwa aje kesho. Alikwenda kesho na kesho yake. Maji yalikuwa yamewafika watu shingoni ndipo ofisi ilipokubali kutuma wakaguzi.

Majirani walikutana kwenye karakana ya seremala.

"Nisikilizeni," Bibi Mkunga alisema. "Siku ya wageni, mtu asifagie barabara wala asimwage maji. Waje waone tunavyoishi."

"Mke wangu atafurahi, kapata likizo," seremala alisema, na watu wakacheka.

Mama yake Chiriku hakucheka. "Lakini Bibi, wageni waje watukute na uchafu? Watatuona watu wa namna gani?"

"Watatuona watu wanaokula mchanga. Si ndivyo tulivyo?"

Mama akainamisha kichwa. Chiriku, aliyekuwa amekaa kwenye rundo la mbao, aliyasikia yote na akayaelewa yote. Tuseme hivyo mapema, asije akajitetea.

Tatizo lilianzia shuleni. Watoto wa mitaa ya lami walizoea kuwaita wenzao wa mtaa ule Watoto wa Unga, kwa jinsi walivyofika wakiwa weupe miguuni. Siku moja kabla ya ukaguzi, msichana mmoja alisema mbele ya darasa, "Kesho wakubwa wanakuja kuutazama uchafu wa kina Chiriku!" Darasa likaangua kicheko. Chiriku alihisi uso unawaka moto. 

Jioni aliwakusanya watoto wenzake. "Kesho tuwahi kuamka. Tunafagia, tunamwaga maji. Wakija, wakute mtaa unang'aa."

"Si Bibi Mkunga alikataza?" aliuliza rafiki yake aliyeitwa Kipara.

"Unataka wakaseme sisi wachafu?"

Kipara hakutaka. Hakuna aliyetaka.

Asubuhi watoto wakachota maji bombani, wakayamwaga njia nzima, wakafagia, wakapangusa hata majani ya ua wa michongoma. Mama alitoka mlangoni akawaona. Chiriku alisubiri kukemewa. Mama alitazama kulia na kushoto, akasema kwa sauti ndogo, "Na pale kwenye kona," kisha akaingia ndani kutandika kitambaa safi mezani.

Bibi Mkunga alipofika, gari la ofisi lilikuwa limekwisha kusimama. Alitazama ile njia iliyolowa, kisha akalitazama lile gari.

Wageni walikuwa wawili: afisa mipango, mwanamke mwenye miwani, na mhandisi wa barabara aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likapigika.

"Habari za hapa?" afisa mipango aliwasalimu watu.

"Nzuri tu!" mtaa mzima ukaitikia.

"Za kazi?" mhandisi alimuuliza seremala, ambaye wiki nzima alikuwa amelalamika kwamba rangi ya makabati yake haikauki bila kushika mchanga.

"Tunamshukuru Mungu, mkubwa," seremala akajibu. Ulimi ulitoka wenyewe, ukafuata mazoea.

Wakafika kwa mshonaji. "Watoto hawajambo, mama?"

"Hawajambo kabisa. Karibuni, karibuni ndani."

Nyuma ya pazia, Babu alikuwa amekaa kitandani akivuta pumzi kwa shida, kwa sababu siku iliyopita malori yalipita mfululizo. Chiriku aliusikia ule mluzi. Wageni hawakuusikia, maana hawakuingia.

Mara lori likaja. Watu wakashusha pumzi: sasa wataona! Lakini udongo ulikuwa umelala chini na maji yake, na dereva, alipowaona watu wenye makaratasi, alipita polepole na kupunga mkono kwa heshima zote.

Mhandisi alimgeukia Bibi Mkunga. "Bibi, barua zenu zinasema watu hapa hawapumui. Mbona mimi napumua?"

"Mwanangu, leo maji yamemwagwa. Njoo siku nyingine utaona."

"Kila mtaa tunaokwenda tunaambiwa tuje siku nyingine."

"Nani kamwaga maji?" Bibi Mkunga aliuliza, akiwageukia watu. Sauti yake ilitetemeka, na hakuna mtaani aliyewahi kuisikia ikitetemeka. Kipara alitazama vidole vyake vya miguu. Chiriku alimtazama Kipara. 

"Kuna mitaa yenye shida kubwa kuliko hii," afisa mipango alisema bila ukali. "Tutaandika kwamba njia inafaa. Asanteni kwa makaribisho."

Wakaanza kurudi garini. Bibi Mkunga akakaa kwenye benchi la seremala, akaonekana mzee ghafla.

Chiriku aliingia ndani. Alimkuta mama amevuta begi chini ya kitanda, anakunja nguo ndogo ndogo na kuzitia humo, machozi yakimdondokea mikononi. Fulana, kaptura, sweta. Alizikunja vizuri sana.

Babu alikuwa ameegemea ukuta. Midomo yake imepauka. "Chiriku," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno, "nikienda kwa shangazi... nani atakwambia... unyamaze?"

Chiriku alitoka mbio. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, mwingine hauna. Aliwafikia wageni mlango wa gari ukiwa wazi.

"Shikamooni!"

"Marahaba, mwanangu. Habari?"

"Mbaya."

Afisa mipango alikuwa ameinua mguu kuingia garini. Akaushusha. "Umesemaje?"

"Habari ni mbaya. Bibi Mkunga hakudanganya. Maji nimemwaga mimi. Alikataza, nikamwaga kwa sababu niliona aibu. Na mama amesema hatujambo, lakini mdogo wangu hawezi kupumua. Mkiondoka anapelekwa mbali kwa sababu yangu mimi." Alishindwa kuendelea, akalia waziwazi, kamasi na machozi pamoja. "Ngojeni jua likaushe. Nawaomba mngoje tu."

Mhandisi alitazama saa yake. Afisa mipango alimtazama yule mtoto, mguu mmoja mtupu. "Tungoje," akasema.

Walikaa kwenye benchi la seremala. Jua la asubuhi lilizidi kuwa kali, na udongo ukaanza kukauka, kwanza katikati, kisha pembeni.  Chiriku alisimama akiikodolea macho njia, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba lori lije.

Likaja. Dereva huyu hakuona wageni, na kama aliwaona hakujali. Lilipita likiruka mashimo, na nyuma yake vumbi likainuka likafunika nyumba, ua, benchi na waliokuwa juu yake. Lilipotulia, shati la mhandisi lilikuwa limepata rangi ya mtaa, na yeye mwenyewe alikohoa mpaka akashika magoti.

Afisa mipango alivua miwani, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mshonaji na kuvuta pazia. Babu alikuwa ameinama mbele, mikono kwenye mapaja, akivuta hewa isiyokuja.

"Mama," afisa aliuliza taratibu, "mtoto hajambo?"

"Haja..." Mama akaacha. Begi likamponyoka mkononi. "Anakufa, dada yangu. Mwanangu anakufa na nimesema hajambo!"

Mhandisi ndiye aliyembeba Babu. Gari la ofisi liliondoka likipiga honi mpaka zahanati, mama kiti cha nyuma, na Chiriku akalifuata kwa miguu, ndala yake moja mkononi. Alipofika, Babu alikuwa amefungwa kifaa cha kuvutia dawa puani na mdomoni. Alimwona dada yake, akainua kidole kimoja polepole na kukiweka juu ya kile kifaa, pale ulipo mdomo. Nyamaza.

Ripoti ya njia iliandikwa upya. Haikuwa kazi ya siku moja. Bibi Mkunga alikwenda ofisini mara nyingi tena, safari hii akifuatana na mshonaji, ambaye alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu. Mwishowe nguzo za zege zilisimikwa kwenye mdomo wa njia, na malori yakarudi barabara kuu, madereva wakinung'unika. Umoja ulipanda miti kandokando, na kila mtoto aliyemwaga maji siku ile alipewa mti wa kuumwagilia. Wa Chiriku ulikuwa mbele ya mlango wao.

Siku ya kupanda, Bibi Mkunga alimwita. Chiriku alijua kemeo lake limefika, akajikaza.

"Kufagia si kosa, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Lakini ukimwita fundi aje kutazama paa linalovuja, usizibe matundu kabla hajafika. Wewe uliona aibu, mama yako aliona aibu, na hata mimi mwenye mdomo huu niliitikia nzuri kama wenzangu. Kwa aibu zetu tulikaribia kumpoteza mtoto. Shida isemwe kama ilivyo, kwa mtu anayeweza kuiondoa. Ulikosea asubuhi, ukasema kweli kabla ya mchana. Wengi wetu hatuwahi hivyo."

Babu alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma, akikagua mashimo ya miti.

"Na wewe, mzee," Bibi Mkunga alimgeukia, "hujambo?"

Babu alifumba macho, akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikajaa, akasikiliza kama kuna mluzi.

"Leo," alisema, "leo kweli sijambo."