Ujumbe wa Fundi Muinde

Kila asubuhi Kathini aliteka maji, akafagia ua, kisha akashika njia kutoka Mwakingali kwenda shuleni. Alhamisi hiyo alikuwa na kazi nyingine. Mwalimu Maundu, anayefundisha kompyuta, alimtuma apitie kwa Fundi Muinde karibu na soko la Voi achukue kasha la kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kumsaidia Shanice, mwenzake wa Gredi ya Nane. Macho ya Shanice ni dhaifu. Herufi za kitabuni hazioni, lakini zikikuzwa kwenye skrini husoma kuwashinda wengi. Paa la darasa lilikuwa limevuja, kasha likashika kutu na pawa, kile kisanduku cha kuleta umeme ndani ya mashine, ikafa. Madabodi tu, ule ubao unaobeba akili ya kompyuta, ndiyo iliyopona. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Muhula uliopita, bila skrini, Shanice alirudisha karatasi tupu, na babake akaapa kwamba ikitokea tena atamrudisha kijijini Werugha akakate majani ya ng'ombe.

"Hii ni ya kampuni kubwa," Fundi Muinde alimwambia Kathini. "Kasha ni imara na pawa yake bado ni nzima. Lakini mwambie Mwalimu asiiunganishe moja kwa moja. Plagi itaingia vizuri, lakini wao hupanga nyaya kivyao, si kama wengine. Lazima huu waya mfupi ukae katikati ya pawa na madabodi, la sivyo madabodi itaungua. Umenisikia?"

"Nimesikia, Fundi."

Waya ule ulikuwa na nyuzi nyekundu, njano, nyeusi na za chungwa, na wasichana wa darasa lao siku hizo walikuwa wakisuka bangili za waya. Kathini alipofika shuleni aliijaribu plagi kwenye madabodi. Iliingia bila taabu. Akajiambia kwamba Fundi anapenda tu kutisha watu. Kufikia saa nne waya ulikuwa umekatwa vipande, na bangili moja nzuri imelala mkobani mwake.

Mchana Mwalimu Maundu alifunga skrubu za mwisho. "Fundi alisema nini?"

"Alisema kila kitu kiko sawa, Mwalimu."

Mwalimu akabonyeza swichi. Kitu kikalia ta, moshi ukapanda, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Shanice alikuwa tayari ameketi, vidole juu ya kibodi.

"Imewaka?" akauliza.

Harufu ilipomfikia, aliinamisha kichwa akaanza kulia.

"Ni hii stima yetu," alisema Hudson, mwanafunzi mwenzao. "Asubuhi ilipotea, halafu ikarudi na nguvu."

Wote wakakubali, maana umeme wa mtaa ule walikuwa wanaujua. Kathini naye akatikisa kichwa. Jioni hiyo alisukuma sahani ya ugali kando, na mamake alipomuuliza kama ni mgonjwa, akasema ni jino. Uongo mmoja ulikuwa umeshazaa wa pili.

Ijumaa Mwalimu Maundu alikuja na madabodi nyingine. "Nimeing'oa kwenye kompyuta yangu ya nyumbani," alisema. "Sina nyingine, na sijui mahali pengine pa kuipata kabla ya Jumatatu." Akaifunga ndani ya kasha, akachomeka plagi ileile, akapeleka kidole kwenye swichi.

Kathini alikitazama kile kidole. Akinyamaza, itaungua hii pia. Akisema, wote watamjua.

"Mwalimu, usiwashe," alisema. "Si stima. Ni mimi." Akatoa bangili, akasimulia yote huku machozi yakimtoka.

Mwalimu alichomoa plagi polepole. Shanice, aliyekuwa ameketi mahali pake, ndiye aliyetangulia kusema.

"Jana nililia hapa, na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Shanice akageuza uso.

Fundi Muinde hakuwa na waya mwingine wa aina ile, kwa hiyo Jumamosi nzima alikaa akiutengeneza kwa mkono. Kathini alikaa karibu naye, akishika nyaya na kumtajia rangi moja baada ya nyingine, na hata mara ya kumi Fundi alimwambia arudie tangu mwanzo. Mwishowe alipima kwa mita ya umeme mbele ya Mwalimu, akaridhika. Mwalimu akauunganisha, na mashine ikawaka.

Jumatatu Shanice alisoma na kujibu maswali yote. Mwalimu Maundu alimwita Kathini barazani.

"Watu husema mjumbe hauawi," alisema. "Ungeniambia umekata waya, ningekukaripia kidogo tu, na tungetafuta mwingine. Lakini ulidhani ujumbe ni wako, uupunguze upendavyo. Ukitumwa neno, lifikishe lote, hata kama hulielewi. Na ukikosea, sema mapema. Ukweli wako wa Ijumaa uliokoa madabodi ya pili. Wa Alhamisi ungeokoa ya kwanza, na Shanice hangelia."

"Nimeelewa, Mwalimu."

Kathini akaenda kusimama mlangoni mwa darasa, bila kujua kama Shanice atamsemesha. Shanice alitoka wa mwisho, akapapasa ukuta, akasita penye ngazi.

"Ni nani hapo?"

"Ni mimi, Kathini."

"Bado nina hasira na wewe," alisema Shanice, kisha akanyoosha mkono. "Niambie ukweli, ziko ngazi ngapi?"

"Tatu," alisema Kathini, akazihesabu tena kabla ya kumshika mkono.