Fundo la Fundi Cherehani

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Mimi pia niliapa, na hii ni mara ya saba nasimulia.

Mama mmoja, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alikuwa na binti wa miaka sita. Mtoto akilala anakoroma kama mzee mnene, kisha kimya, pumzi hakuna, midomo inageuka rangi. Hospitalini wakamkata mafindofindo ya kooni. Miezi mitatu ikapita, pumzi bado inakatika. Daktari akasema si kila mara upasuaji humaliza kazi. Akawapa mashine ya kupuliza hewa, yenye barakoa ya kuvaa kila anapolala, hata mchana.

Basi ikawa barakoa inakutwa imevuliwa, mikanda imekunjwa vizuri kama nguo za pasi, na chumba kinanuka nywele zilizoungua.

"Ni wewe, mama," fundi akamwambia mama mkwe wake, kwa sauti ya chini inayouma kuliko kelele. "Tangu siku ya kwanza unaisema mashine hii."

"Naisema, siigusi. Inahema kama ng'ombe mgonjwa. Lakini mjukuu ni wangu, usinichafue."

Fundi akaifunga mikanda kwa fundo lake la kazini, lile ambalo hata wanafunzi wake hawalifungui bila mkasi. Kesho yake likakutwa limefunguliwa.

"Haya, mwenye vidole vya kulifungua," mama mkwe akasema. "Nitukane tena."

Adhuhuri ile wakamzunguka mtoto wote: baba yake, bibi yake, na fundi kichwani mwa kitanda, akiapa leo atamvunja mtu mkono. Mtoto akalala, mashine ikapuliza, na ile harufu ikaja taratibu, ikawajaa puani, na kidole kikatambaa juu ya mto, kikafuatwa na cha pili, vikalegeza fundo uzi kwa uzi, kwa wepesi wa mtu anayeijua kazi, mpaka barakoa ikadondoka na kifua cha mtoto kikasimama.

Mama mkwe akaudaka mkono ule.

"Mshikeni," fundi akafoka, "asikimbie huyo."

Hakuna aliyesogea. Mumewe akanong'ona, "Mke wangu, tazama mkono wako."

Akatazama. Kinywa chake kikafunguka, ikatoka sauti isiyo yake, imejaa ghadhabu: "Mlinikatia kiti changu kooni mwake, nikahamia kwa huyu. Humu ndani pamebana. Nataka kurudi, na upepo wenu unanizuia."

Mama mkwe hakuuachia mkono. Kwa ule wake wa pili akamvisha mjukuu barakoa, akaikaza, kifua kikapanda.

"Basi banwa humo humo," akasema.