Aliyemkalia Mdogo Wake Kiunoni

Yote yalianza kwa harufu. Chumba cha ndugu wawili, kilichopigwa deki asubuhi ileile, kilinuka maji yaliyooza.

Figo mbovu walizirithi kwa mama yao, na ndizo zilizomzika. Sasa wote wawili walikuwa kwenye majaribio ya dawa mpya hospitalini. Daktari aliwaeleza wazi: wengine wanapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kitupu, na hata yeye hajui nani anameza nini.

Lakini dada mtu, fundi cherehani, alikuwa na macho. Mdogo wake alijaa mashavu, akafua huku akiimba. Yeye miguu ilizidi kuvimba, hata kukanyaga cherehani kukamshinda.

Mchana mmoja, akiwa peke yake, kijicho kikamkaba, akanong'ona, "Kwa nini yeye?"

"Nimtoe mdogo wako?" ikauliza sauti ya marehemu mama yake, chini ya cherehani.

Hakuitikia. Wala hakukataa.

Wiki hiyohiyo mdogo mtu akaanguka. "Dada," alisema kwa shida, "kuna mtu ananikalia kiunoni. Mzito. Nywele zake zimelowa." Dada akamfuta jasho akijifanya hasikii, ingawa shuka lilikuwa limebonyea pasipo na mtu, na harufu ile imepanda hadi darini, na miguu yake mwenyewe, Mungu amsamehe, imeanza kunywea, naye akafurahi, akavaa viatu, akapitapita mbele ya kitanda ili aonekane, mpaka aliposikia mgonjwa anakoroma kwa sauti mbili.

Hapo akamkimbilia mganga, mama mmoja asiye na mzaha, akaja naye nyumbani. Mganga alisoma, akafukiza, akauliza, "Nani kamkaribisha?"

"Mimi," dada akalia. "Nilimwonea wivu. Mtoe, mganga, nakuomba."

Dirisha likajibamiza. Mgonjwa akavuta pumzi, akamkazia macho dada yake.

Majaribio yalipokwisha, daktari aliwaita. Dawa yenyewe alikuwa akipewa dada tangu mwanzo, ila huchelewa kufanya kazi. Mdogo alimeza vidonge vitupu; unafuu wake ulikuwa matumaini tu.

"Hongera, dada," mdogo akasema, akitabasamu kwa midomo peke yake.

Jioni alihamishia godoro lake stoo, akajifungia kwa komeo. Dada akatega sikio mlangoni, ile harufu ya maji yaliyooza ikimpanda puani.

"Sogea huku," alimsikia mdogo wake akimwambia mtu, kwa upole. "Godoro linatutosha."