Daftari Jeupe la Wenceslaus

Jumatano moja ya mwaka 1974, saa moja na robo asubuhi, Yeremia alifungua kibanda cha mashine ya kusaga ya kijiji, pale Kidete, akakuta mkanda wa injini haupo.

Jana yake saa kumi aliuacha mlango wazi, akashuka mto Mkondoa kuteka maji ya kupoozea injini. Saa kumi na moja akarudi, akafunga bila kutazama ndani.

Kufika saa tatu, ofisi ya kijiji ilijaa watu, na mwenyekiti alikwisha andika barua ya kumpeleka Yeremia polisi Kilosa.

"Sijaiba, jamani!" Yeremia alilia.

"Mwizi ni mwenye ufunguo," alisema Wenceslaus, mwenye mashine yake binafsi karibu na stesheni. "Mimi jana saa kumi nilikuwa kwenye kisomo cha Kiingereza. Daftari hili hapa."

Mwalimu Yudith akalisoma. "*Pick up*: kuokota, kumpitia mtu njiani, kujua jambo kwa kusikiasikia. Yote sahihi. Ila mlikuwa watu hamsini, sikuita majina."

Bibi Katarina akainuka. Yeye ndiye aliyesiriba sakafu ya darasa kwa udongo mwekundu, jana yake saa nane. Hadi saa kumi ilikuwa mbichi, na watu walimnung'unikia sana.

"Shikamoo, bibi. Nawe umekuwa askari?" Wenceslaus alimdhihaki.

"Marahaba, mjukuu wangu. Askari wana viatu. Hebu sema, huko kuokota mlifundishwaje?"

"Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili."

"Hamkuokota kitu?"

Wenceslaus akabahatisha. "Tuliokota... chaki."

Watu wakaangua kicheko.

"Mwalimu alimwaga punje za mahindi sakafuni," alisema Bibi Katarina. "Kila mtu akainama, akaokota moja, ndipo akaandika. Wenzangu wa kisomo, leteni madaftari!"

Yakaletwa, yakafunguliwa. Kila moja lilikuwa na alama nyekundu za vidole. La Wenceslaus lilikuwa jeupe kama sembe.

"Ulinakili la nani?" bibi aliuliza.

"La Agnesi, jana jioni," alisema, kichwa chini. "Tangu mashine ya kijiji ije, yangu imenyamaza. Wiki nzima sisagi hata debe! Mkanda umo kwenye gunia langu la pumba."

Mwenyekiti akaichana barua, akaanza nyingine yenye jina jingine.

Saa saba injini ilinguruma, vigelegele vikafika stesheni. Debe la kwanza lilikuwa la Bibi Katarina, bila foleni. Yeremia, kwa haraka ya furaha, akamwaga mahindi kidogo.

"Okota hizo punje, baba," bibi alimwambia. "Leo hakuna atakayekuita mwizi."